Baba anataka unyayo, ngozi hana haja nayo

Picha ilifika kijijini kwetu Mloka mwaka 1994 ndani ya bahasha ya kaki. Dereva wa kambi ya uwindaji aliileta, ikakaa kwa mwenye duka siku nne, ndipo ikamfikia baba. Aliyeituma ni Mmarekani ambaye baba alimsomea nyayo za nyati ng'ambo ya Rufiji msimu uliotangulia. Ndani hamkuwa na barua, ni picha moja tu: dubu mkubwa, rangi yake kama mchanga wa mtoni, amelala kwenye nyasi za njano, mvua inanyesha, na wayo wa mguu wake wa nyuma umeielekea kamera. Nyuma ya picha limeandikwa neno moja: Kodiak.

Nilikuwa na miaka tisa. Mimi niliona kucha. Baba aliisogeza picha dirishani, akautazama ule wayo kimya, kisha akasema, "Huyu anakanyaga kisigino kama mtu."

Mwezi wa nne mwakani, Mungu akipenda, nitakuwa Kodiak, Alaska, kumwinda dubu kama yule. Nimeweka akiba kwa miaka sita, nikibeba makontena kutoka bandari ya Houston kwenda kwenye maghala, na kuna wengi wameniuliza kwa nini. Mama ndiye aliyeuliza kwa uchungu kuliko wote. Basi naandika hapa nilivyofikia uamuzi huu na ninavyojiandaa, maana kwa Kiswahili sijakuta mtu aliyeeleza safari ya namna hii akiwa upande wa mteja. Upande wa wabeba mizigo na wasoma nyayo tunaujua. Tumezaliwa humo.

Baba alianza kazi mwaka 1978, serikali ilipofungua tena uwindaji baada ya kuufunga mwaka 1973. Alikuwa kijana wa miaka ishirini. Kwa zaidi ya miaka thelathini alitangulia mbele, fimbo mkononi, macho chini, nyuma yake mwindaji bingwa, nyuma yao mteja. Kwenye picha za wateja huwa hayumo. Nimezitafuta. Katika picha kama ishirini zilizobaki nyumbani, baba yumo katika mbili, na katika moja kati ya hizo amekatwa kichwa. Leo sehemu kubwa ya pori alilokuwa akilisoma ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, tangu mwaka 2019 lilipomegwa kutoka Selous, na wanaoingia huko sasa wameshika kamera.

Ana kovu kwenye paja la kushoto. Mteja mmoja alifyatua kwa pupa jioni jua linazama, akamjeruhi nyati tumboni, na asubuhi yake baba na wenzake wakalazimika kumfuata mnyama yule kwenye kichaka ambacho mtu hakuona hatua tatu mbele. Mteja alibaki kwenye gari. Baba hasimulii kisa hicho kwa hasira. Husema tu, "Yule bwana hakuwa amejiandaa." Sentensi hiyo ndiyo imebeba mpango wangu wote. Nataka niwe mteja wa aina ambayo baba alistahili kumpata.

Kodiak ni kisiwa kusini mwa Alaska. Dubu wa kahawia waliopo pale walitengana na wenzao wa bara tangu zama za barafu zilipokwisha, miaka kama 12,000 iliyopita, na wakakua kuliko karibu dubu wote duniani. Dume kubwa hupita kilo 600. Wanakadiriwa kuwa 3,500 katika visiwa vile, na hifadhi inayowalinda, ambayo Rais Franklin D. Roosevelt aliitangaza mwaka 1941, inachukua karibu theluthi mbili ya kisiwa. Nyumbani hatuna dubu, jina tu tunalo. Afrika ilikuwa naye kule milima ya Atlas, Morocco na Algeria, akamalizwa. Nilipomwambia baba hilo alinyamaza, halafu akauliza, "Walimaliza wote?"

Sheria ya Alaska inasema mtu asiye mkaazi wa jimbo lile, hata kama ni raia wa Marekani kama nilivyo sasa, haruhusiwi kumwinda dubu wa kahawia peke yake. Lazima awe na mwongozaji mwenye leseni, au ndugu wa karibu anayeishi Alaska. Mimi sina ndugu Alaska. Na hata ningekuwa naye ningetafuta mwongozaji, kwa sababu nimeona kwa macho yangu maana ya mtu anayelijua pori moja kwa miaka thelathini.

Hapa niliumia. Mwaka wa kwanza nilimpata mtu kwa simu, wakala anayeuza safari, yuko jimbo jingine kabisa, maneno matamu. Nikamtumia amana ya dola 3,000. Miezi ikapita, nikaomba jina la mwongozaji na eneo lake. Jina likaja, nikapiga simu, mwongozaji yule hakuwahi kusikia habari zangu. Fedha haikurudi mpaka leo. Miezi saba ya kuamka saa tisa usiku ilikwenda na maji. Nilikuwa nimesahau kitu ambacho mtoto wa Mloka anapaswa kukijua: kila pori lina mwenye haki nalo. Kwetu ni vitalu vya uwindaji. Kule nako kila mwongozaji ana maeneo yake yaliyoandikishwa, hayazidi matatu, na ndani ya hifadhi ya Kodiak haki ya kuongoza wageni hutolewa kwa ushindani. Kwa hiyo swali la kwanza ni eneo lipi, na swali la pili ni leseni. Bodi ya jimbo inayosimamia waongozaji inajibu simu. Ningeipigia kwanza, ningekuwa mbele kwa mwaka mzima.

Mwongozaji niliyempata safari hii aliniambia bei yake moja kwa moja, dola 28,000 kwa siku kumi na tano, mtu mmoja na mwongozaji mmoja, ukipata dubu au usipopata. Juu yake kuna leseni dola 160 na tegi, yaani lebo ya chuma ya kufungwa kwenye dubu, dola 1,000. Tegi usipoitumia fedha hairudi. Kisha kuna kibali chenyewe, ambacho kinaombwa kwa namba ya mkataba wa mwongozaji, kwa sababu idadi ya dubu wa kila eneo imepangwa na sehemu kubwa ya vibali huwekewa wakaazi wa Alaska. Na ukishaua dubu Kodiak, unakaa miaka minne bila ruhusa ya kuua mwingine.

Aliponitumia majina ya wateja wake wa zamani, aliweka na la mtu aliyerudi mikono mitupu. Sikumwomba. Niliwapigia watatu, na huyo wa mikono mitupu ndiye niliyezungumza naye zaidi. Nilimuuliza, siku mvua ilipowafungia hemani, mwongozaji alikuwaje? Akacheka kidogo, akasema siku nne upepo haukuwaacha watoke, na mzee yule alipika, akakausha soksi za wote wawili juu ya jiko, na kila baada ya saa moja akatoka nje kukaza kamba za hema. Siku ya kumi na mbili walimwona dubu mzuri, mteja akataka kupiga, mwongozaji akasema ni jike. Wakakaa mpaka jioni wakimtazama kwa darubini. Watoto wawili wakatokea kichakani. Jike mwenye watoto ni marufuku kumgusa. "Angeniruhusu nipige," yule bwana akaniambia, "leo nisingeweza kulitazama zulia la ngozi yake." Nilipokata simu niliandika hundi.

Tumeshazungumza kwa simu mara tano, na mara ya kwanza sikuuliza chochote kuhusu ukubwa wa dubu. Nilimwuliza anamjuaje dume. Alichonieleza kilinirudisha nyumbani. Kichwa cha dume kubwa huonekana kidogo kwa sababu mwili ni mkubwa. Masikio yamekaa mbalimbali, ubavuni, kama yamebandikwa. Tumbo linakaribia chini. Na hatazami huku na huku anapotembea, maana yeye haogopi yeyote. Nilimrekodi, nikamtafsiria baba. Baba akasema hayo ya mwisho ni ya kila mnyama, hata mtu.

Tumechagua majira ya kuchipua, kati ya tarehe 1 Aprili na 15 Mei. Madume hutoka mapangoni kabla ya majike, theluji ingali milimani, na nyayo zao huonekana kwa darubini kubwa kutoka ng'ambo ya bonde, mstari mweusi juu ya weupe. Kazi ni kukaa. Unapanda mahali pa juu asubuhi, unakaa na mvua, unatazama mlima mmoja siku nzima. Msimu wa pili unaanza tarehe 25 Oktoba hadi mwisho wa Novemba, dubu wakiwa wamenenepa kwa samaki, lakini mchana umeshakuwa mfupi, na mimi nataka mwanga.

Kutoka Anchorage ni ndege ya saa moja mpaka mji wa Kodiak, halafu ndege ndogo ya kutua majini mpaka ghuba ambako kambi itakuwa. Mizigo inapimwa kwa mizani, na hali ya hewa ndiyo inayopanga siku. Siku uliyoruka na ndege ndogo huruhusiwi kuwinda. Sheria inakutaka usubiri mpaka saa tisa usiku wa kuamkia kesho yake. Ni sheria nzuri sana. Inamzuia mtu kumwona mnyama kutoka angani kisha akashuka kummaliza.

Baridi yenyewe si ile ya kugandisha tu. Ni mvua na upepo kwa pamoja, nyuzi tatu nne juu ya sifuri, nguo inalowa haikauki. Mwongozaji amenikataza pamba kabisa, hata fulana ya ndani. Sufu, koti la mvua zito, na buti za mpira zinazofika mapajani kwa ajili ya kuvuka mito. Nimenunua buti miezi mitano mapema na ninazivaa nikiosha gari, ili miguu izizoee.

Na miguu ndiyo iliyonipa kazi kubwa. Houston ni tambarare kama sinia. Mlima wangu ni jengo la kuegesha magari lenye ghorofa saba karibu na ninapoishi. Saa kumi alfajiri, kabla ya zamu, napanda ngazi na gunia la mchele la kilo 20 mgongoni, nashuka, napanda tena, mara nane. Jumamosi naongeza dumu la maji. Ngozi mbichi ya dume kubwa pamoja na fuvu inaweza kupita kilo 50, na lazima ibebwe na mgongo wa mtu kutoka mlimani mpaka majini. Mwongozaji ana miaka sitini na moja. Sitaki abebe yeye zaidi yangu. Mlinzi wa jengo, mzee kutoka Eritrea, mwanzoni alinifuata kwa tochi. Sasa ananihesabia mizunguko.

Bunduki ni ya mitumba, ya risasi za .375, ya chuma kisichoshika kutu na kitako cha plastiki. Baba alifurahi kusikia namba hiyo. Kwetu ndiyo aliyoizoea mikononi mwa wateja wa nyati na simba, na ni risasi ya tangu mwaka 1912, kazi ya Holland & Holland wa London. Huko Kodiak nako waongozaji wengi wanaibeba. Kwamba bunduki iliyomfanyia baba kazi Rufiji ndiyo inayofaa kwenye theluji ya Alaska, hilo limenipa raha ambayo sijui kuieleza. Kila wiki mbili nakwenda uwanja wa shabaha, napiga risasi kumi na mbili, si zaidi, kwa sababu inapiga bega na bega likichoka mkono unaanza kuogopa. Nimekaa, nimepiga magoti, nimeegemea begi. Hatutapiga mbali kuliko mita 180. Tumeliandika hilo. Mdomo wa bunduki unafunikwa kwa kipande cha utepe wa fundi umeme, mvua isiingie, na risasi hutoka ikiutoboa bila shida. Nilijaribu kwanza, sikutaka kuamini kwa kuambiwa.

Mke wangu alitoa masharti matatu: kifaa cha setilaiti cha kutuma ujumbe kila jioni, bima ya kuokolewa kwa ndege, na wasia ulioandikwa na kushuhudiwa. Nimetimiza yote. Kuhusu dubu kuja kambini nimemweleza kwamba tunazungushia hema uzio wa umeme wa betri. Amesema hiyo nimsimulie mwingine, si yeye.

Sasa swali la mama.

"Mnyama haliwi, mwanangu. Sasa unamuua wa nini?" Alisema hivyo Ramadhani iliyopita, kwa sauti ya chini, na sikuwa na jibu. Sisi ni Waislamu, mnyama mwenye meno ya kurarua hatumli, na nyumbani nyati akianguka nyama ilifika mpaka kijijini. Mimi nimekulia kwenye nyama ile. Kodiak sheria haikulazimishi kubeba nyama ya dubu wa kahawia. Ningeweza kumjibu mama kwa hesabu: wawindaji wanachukua dubu wasiofika 200 kwa mwaka kati ya 3,500, wengi wao madume, na idadi haijaporomoka. Ningemwambia kuhusu kodi ya bunduki na risasi ambayo tangu mwaka 1937 Marekani inaipeleka kwenye wanyamapori. Yote ni kweli. Lakini hizo ni sababu za serikali kuruhusu. Si sababu yangu ya kwenda, na sipendi mtu anayejificha nyuma ya hizo.

Sababu yangu ni kwamba nataka kutembea pale ambapo baba alisimama, macho chini, nikimfuata mnyama anayeweza kuniua, nikiwa nimejiandaa. Kama kuna haki yoyote ya kumaliza safari ile kwa risasi, basi ni kwa dume mzee tu, lililokwisha kuzaa, na kwa risasi moja inayotosha. Nimemwambia mwongozaji hivyo. Asipopatikana wa namna hiyo, turudi, na dola 28,000 zitakuwa zimelipia matembezi. Mama hajaridhika. Ameniombea dua, lakini hajaridhika, na simlazimishi.

Baba hakusema kitu siku hiyo. Wiki iliyofuata ndipo aliponiomba nimtumie ukubwa halisi wa wayo. Nilichora kwenye kadibodi kwa vipimo nilivyopewa, nikampa kijana wetu aliyekuwa anarudi likizo. Waongozaji wa kule wana hesabu yao: upana wa wayo wa mbele kwa inchi, ongeza moja, unapata ukubwa wa ngozi kwa futi. Nilichora wa inchi nane. Kaka alinitumia video. Baba amekaa kwenye mkeka barazani, kadibodi mbele yake, anatandaza kiganja, kidole gumba mpaka kidole cha mwisho. "Shubiri kasoro kidogo," anasema. Halafu anapitisha kidole pale kucha zinapoanzia, mbali sana na vidole, anarudia mara mbili. Simba huficha kucha. Huyu haziingii ndani, kwa hiyo kila hatua inaandika.

Akaniambia, "Shikilia ngozi yako. Mimi niletee unyayo."

Kwa hiyo kwenye orodha ya mizigo kuna plasta ya unga kilo mbili, ya kukoroga na kumimina kwenye alama ili ishike umbo lake, kwenye mfuko usiopitisha maji, na mwongozaji amekubali nipunguze nguo nyingine ili mizani ikubali. Anasema theluji haitafaa, tutafute tope la kando ya ziwa au mchanga ambao bahari imeuacha asubuhi, na maji ya kukorogea yawe ya uvuguvugu, la sivyo baridi itachelewesha plasta kushika. Dubu wa unyayo huo si lazima awe wa kupigwa. Anaweza kuwa aliyepita tu usiku.

Nimeanza mazoezi. Nyuma ya nyumba tunazopanga kuna mfereji, na baada ya mvua ya juzi mbwa wa jirani aliacha alama nzuri kwenye tope. Plasta ya kwanza nilikoroga nyepesi, ikavunjika. Ya pili ilitoka na vitundu vya hewa lakini vidole vyote vinne viko wazi. Nikaipiga picha, nikaituma Mloka bila maelezo.

Jibu la sauti lilikuja baada ya swala ya alasiri. "Mbwa huyu mzee. Kucha zimelika upande mmoja. Uzito anautupa nje." Kisha akaniambia niongeze plasta kidogo, nimimine kutokea pembeni, si katikati, ili isiharibu alama ya kisigino.